Sebule Niliyomchorea Dada Ardith

Shangazi Myrna mpendwa,

Nishike mkono kabla sijafanya ujinga mkubwa kuliko huu ambao nimeshaufanya. Mimi ni mjane wa miaka sitini na miwili, naishi Lunenburg, mji wa bandari huku Kanada, na kazi yangu ni kuchora vyumba vya watu kwa rangi za maji. Mtu akipamba sebule yake ikapendeza, au akiuza nyumba na hataki kuisahau, ananiita, naketi kwenye kigoda changu naichora, mapazia, zulia, maua mezani, na wenyewe huwa wameshaficha televisheni na nyaya na sahani ya paka kabla sijafika, nami sisemi kitu. Naipenda kazi hii. Nyumba yangu ni ndogo na inanitosha, nakula supu yangu ya samaki nikitazama ukuta wa gereji ya jirani, nashiba, nalala.

Sasa balaa lenyewe. Dada yangu Ardith, ndugu pekee niliyebaki naye, yuko Saskatoon, mbali huko bara, miaka thelathini sasa, nyumba yangu hii hajawahi kuiona, na miaka hii ya karibuni kila Krismasi badala ya kununua kadi mimi humchorea sebule yangu. Mwaka wa kwanza niliichora ilivyo, ila nililiruka doa la dari pale paa linapovuja, doa tu Shangazi, nani anapenda kutumiwa doa siku ya Krismasi? Akanipigia kunisifu mpaka nikaona haya, basi mwaka uliofuata nikabandika, kwa brashi tu, karatasi za ukutani zenye ndege wa bluu, wa tatu nikajenga meko ya vigae, halafu rafu za vitabu, halafu piano, mimi ambaye hata kuimba kanisani naombwa nipunguze sauti, na mwaka wa sita nikatoboa ukuta wa kulia nikaweka dirisha kubwa linalotazama bandari, wakati dirisha langu la kweli liko kushoto, dogo, na linatazama hiyohiyo gereji. Cha kweli kilichobaki ni kiti cha kijani cha marehemu mama na blanketi lake la kufuma, hicho nakichora kila mwaka nikikitazama.

Kadi zimefika kumi na moja, zote amezitia fremu na kuzipanga ukutani kwake. Kila Desemba anapiga simu, "Haya mdogo wangu, mwaka huu tumepata nini sebuleni?" Mwaka juzi akaniuliza, "Verna wee, mwanga unaingia kulia, mbona kivuli cha kiti cha mama nacho kimelala kulia?" Nikamjibu, "Dada, mambo ya wachoraji hayo, hutayaelewa." Akacheka mpaka akakohoa.

Wiki iliyopita kapiga tena, anakuja Septemba, wiki mbili nzima. "Sitaki hoteli, sitaki kutembezwa," kasema, "nataka kukaa kwenye kiti cha mama." Sasa kuna Mama Eisenhauer, nilimchorea sebule yake mwezi Mei, ana piano, ana dirisha la bandarini, na Septemba yote atakuwa safarini, ameniachia ufunguo nimwagilie maua, nami nimewaza kukihamishia kiti kule na kumpokea dada kana kwamba ni kwangu. Nimemwambia Delbert, jirani mwenye gereji. Akasema, "Gari ninalo, kiti tutakibeba, lakini Verna, umechanganyikiwa." Nifanyeje? Akiiona sebule yangu ataona nimemdanganya miaka yote hii, na dada mwingine sina.

Verna Corkum, Lunenburg

*

Verna wewe!

Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena, na chai yangu imepoa kwa ajili yako.

Tuanze na huo ufunguo. Mwenzio amekuachia maua, hakukuachia nyumba. Na dada akikuuliza vijiko viko droo ipi, utafungua zote sita? Ukimaliza kumwagilia, funga mlango urudi kwako. Delbert naye asibebe kiti chochote. Mpe ngazi na nyundo apande juu ya paa lako, kwa sababu paa kuvuja miaka kumi na moja huku mwenye nyumba anachora vigae, huo ni uvivu tu, usiniambie ni sanaa.

Lakini sikuoni mbaya. Ulianza kwa mapenzi, ukasifiwa, ukanogewa, wangapi hatujanogewa? Na hofu yako naielewa, kubaki na ndugu mmoja si mchezo.

Ila mama, barua yako umeiandika bila kuisoma. Mimi nimeisoma mara mbili. Kiti ulikichora ukikitazama, mwanga ukiingia kwenye kile kidirisha chako cha kushoto, kivuli kikalala kulia kama kinavyolala kila siku. Bandari uliitoa kichwani, ukasahau kukigeuza kivuli. Dada yako alikiona. Mtu anayeuliza swali lile, akajibiwa vile, akacheka mpaka akakohoa, huyo hajadanganywa. Anajua tangu mwaka juzi, na mimi nadhani anajua tangu ndege wa bluu, ndiyo maana anauliza "tumepata nini" kama watoto wanaojifanya wana nyumba. Mmecheza pamoja miaka yote hiyo, wewe peke yako ndiye hukujua.

Kwa hiyo mpigie simu leo, si kesho. Usilie, usijitetee. Mwambie, "Dada, kivuli kilikuwa sahihi, dirisha ndilo la uongo," halafu nyamaza umsikilize anavyocheka. Akifika mpikie viazi vipya na maharagwe mabichi kwa maziwa, mkalishe, toa rangi zako, umchore hapohapo alipokaa, na gereji dirishani, na doa darini hata kama Delbert ameshaziba paa. Hiyo ndiyo kadi ya Krismasi ya mwaka huu, na ole wako uruke kitu.

Umemwekea meko, rafu, piano na bandari nzima, Verna, naye katika vyote hivyo ameomba kimoja tu. Nacho unacho.

Shangazi Myrna