Mpango Unaompita Elinaza

Mbaga, Same
Jumapili, baada ya ibada

Mjukuu wangu Agape,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Ya mumeo nayo nimeipata, ijapokuwa najua wewe ndiye uliyemwandikia. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua nikishuka kisimani, na tangawizi mwaka huu imekubali. Ninyi je, mnakula? Kwenye ile picha umekonda, usinibishie.

Anayeandika ni Mwalimu Koleta, jirani yangu. Nimemkataza asilainishe neno hata moja, maana nimekasirika tangu Jumatano, na nataka hasira ifike huko kama ilivyotoka hapa.

Mpango wa matembezi uliomtumia kwenye simu amenisomea mara mbili. Kwamba nikishashuka kwenye ndege na kupumzika siku mbili, mnanitoa hapo kwenu Amiens saa kumi na mbili asubuhi, twende Rouen kuona kanisa kubwa, Étretat kuona majabali ya baharini, tule Honfleur, kisha Mont Saint-Michel kuona kanisa lingine juu ya kisiwa, halafu turudi kulala nyumbani. Siku moja. Nikamburuta Koleta tukashuka Same kwa Habibu, yule aliyeendesha mabasi ya Dar miaka thelathini. Habibu alifungua ramani kwenye simu, akajumlisha barabara kipande kwa kipande, kisha akauliza kama huyo bibi anatembezwa au anasafirishwa kama tenga la nyanya. Akasema ni zaidi ya masaa tisa ya kukaa garini tu, hujala, hujaenda chooni. Yeye mwenyewe, na ukali wake wote, asingewafanyia abiria hivyo. Mimi nina miaka sabini na sita, Agape. Kutoka hapa hadi Same tu nashuka nimeshika kiuno. Na nani alikwambia nina kiu ya kuona makanisa? Kanisa ninalo hapa, paa linavuja.

Hilo ningekusamehe, maana umepanga kwa kunipenda. Kilichonichoma ni kingine. Habibu alipopitisha kidole kutoka Étretat kwenda Honfleur, alitaja mji ulio katikati, akautamka vibaya. Nikamwambia arudie. Le Havre. Jina hilo silisahau, miaka kumi na moja nalitaja nikisali. Baba yako amelala pale. Mpango wako unapita mlangoni kwa Elinaza saa tano asubuhi na hausimami. Mawe ya baharini umeyapa dakika arobaini na tano. Mwanangu hukumpa hata moja.

Najua utakachojibu. Utasema hujakanyaga pale tangu mazishi, kwamba mke wa baba yako alimzika harakaharaka ugenini bila kutuuliza. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, unasoma mji mwingine, ukafika kila kitu kimeshapangwa, ukaapa hutamsalimia tena. Umenieleza haya mara nyingi kwenye simu, na mimi nikawa naguna tu. Sasa kaa chini.

Yule mama aliuliza. Alinipigia msiba ulipotokea, kwa Kiswahili cha kuokoteza alichofundishwa na baba yako, analia, anataka kujua mwili tunaupokea lini. Ukoo ulishakaa. Kanisa lilishakubali kusaidia. Mahali palishapimwa pembeni ya babu yako. Mimi ndiye niliyekataa.

Mwaka uliotangulia, mwili wa babu yako ulikaa siku nne ukimsubiri mwanawe wa kwanza, kwa sababu kwetu hapa yeye ndiye anayeanza kutupa udongo. Elinaza hakuja. Alisema meli zimejaa bandarini, kazini hawampi ruhusa. Udongo ukatupwa na mpwa, watu wanatazamana, mimi nimeinamisha kichwa. Donge lile sikulitema. Nilipoletewa msiba wake likajibu kabla yangu. Nilisema, "Mzikeni hukohuko alikoona ndiko kwao."

Baadaye nikamsihi yule mama asikwambie. Hajakwambia mpaka leo, na wewe humpi hata salamu. Nilikuacha umchukie yeye kwa kuwa niliogopa ukinichukia mimi nitabaki na nani. Koleta ameweka kalamu chini. Nimemwambia aishike.

Basi mpango ni huu. Tunakunywa chai, tunaondoka saa mbili, Habibu anasema ni mwendo wa masaa mawili. Tunakwenda Le Havre. Mpigie yule mama aje makaburini, nina neno la kumwambia nikiwa nimesimama. Muda wa pale usiupangie. Muda ukibaki, mtanionesha hayo majabali, ni karibu. Usipobaki, turudi kabla ya giza.

Ukishasoma haya ukaona huwezi kunipeleka, sema. Sitakulaumu. Lakini safari siiahirishi. Nitashuka kwenye ndege nitafute basi. Kifaransa sina, ila jina la mwanangu ninalo, nitalitaja kwa kila nitakayekutana naye mpaka mmoja anioneshe alipo.

Mumeo msalimie sana, mwambie siku hiyo aendeshe taratibu. Koleta na Habibu wanakusalimu. Ule ushibe, uvae sweta. Hata ukininunia nakupenda, na ukitaka kunifokea, nipigie jioni, nitasikiliza mpaka umalize.

Ni mimi bibi yako,
Eliakunda, mama yake Elinaza