Nguzo za Ghala la Karatasi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe, shemeji na watoto. Goti lako limepoa? Nasikia bado linakusumbua ukipanda ngazi, nawe hospitali hutaki kwenda. Ukaidi huo najua ulikotoka, maana nimekulea mwenyewe. Mimi nahema tu. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nikamwambia haujachoka peke yake. Muuguzi alicheka, kisha akaninyang'anya chumvi. Kitanda wamekisogeza dirishani, na wapita njia nawaona kuanzia kiunoni kwenda juu.

Utausoma mwandiko huu kwa shida. Binti yangu alitaka kuniandikia nikamkatalia, kwa sababu haya siwezi kuyatamka mbele yake.

Nataka kukueleza habari za lile ghala la karatasi. Unajua kwamba nguzo zake za chuma nilizipigia hesabu mimi, na mumeo ndiye alikuwa fundi mkuu wa kuchomelea. Unajua pia kwamba lilianguka. Usilolijua ni jinsi nguzo inavyoanguka, na bila hilo hutanielewa.

Chukua rula ndefu ya plastiki, uisimamishe mezani, uibonyeze kwa kiganja. Haitapasuka. Itabinuka pembeni, na mkono wako utashuka nayo. Sasa mwambie mtu aishike katikati kwa vidole viwili, bila nguvu, ubonyeze tena. Utashangaa. Nguzo nyembamba inaponzwa na urefu wake kabla chuma chenyewe hakijachoka. Ukiishikiza katikati, ni kama umeikata urefu nusu, na inaweza kubeba hata mara nne ya mzigo wa kwanza. Nguzo zangu nilizifanya nyembamba kwa kuringa, nipate kusifiwa kwamba nimeokoa chuma. Katikati ya urefu wake nikapitisha chuma cha kulala, kinachoifunga kila moja na mwenzake mpaka ukutani. Kilikuwa chembamba, asiyejua angedhani ni pambo.

Ghala lilipoanza kazi, gari la kunyanyulia mizigo likawa linakigonga chuma hicho kwenye njia moja. Wenye ghala wakamtaka mumeo akate kipande kile. Akakataa mpaka aniulize. Alinikuta nje ya ofisi naingia garini, nawahi kwa kinyozi. Nikamjibu, "Kata tu, shemeji. Hicho hakibebi kitu."

Na kweli hakikuwa kikibeba kitu. Kazi yake ilikuwa kushika. Mumeo aliniomba nirudi ndani niangalie mchoro kwanza, nikamtania kwamba siku hizi mafundi wanaogopa hata moto wao wenyewe. Akacheka kwa heshima, akaenda akakata.

Nguzo zilivumilia miezi kadhaa, kwa kuwa sakafu ya juu ilikuwa nusu tupu. Siku walipoijaza mabunda ya karatasi, zile zilizoachwa bila wa kuzishika zilibinuka kama rula ile. Mpakiaji mmoja alivunjika nyonga na hakutembea sawasawa tena. Sikuwahi kwenda kumwona.

Wachunguzi walipouliza nani aliruhusu, mumeo alisema ni mimi. Nami nikasema sikumbuki kuulizwa jambo kama hilo. Kati ya mhandisi na mchomeleaji, unajua waliamini nani. Tangu hapo hakuna mjenzi aliyempa kazi, akaishia kuziba masufuria na kunyoosha baiskeli za watoto.

Lakini sijafika bado. Jioni ile ulikuja kwangu umelowa mvua, ukakataa kuketi. Ukasema, "Kaka, sitaki maneno mengi. Ulimwambia akate?"

Nikakuambia, "Hapana."

Nilikudanganya, mdogo wangu. Nilikutazama machoni nikakudanganya, nikijua utaniamini kwa kuwa baada ya wazazi hukuwa na mwingine wa kumwamini. Ulirudi nyumbani ukamwambia mumeo asinisingizie tena chini ya paa lako, naye hakurudia. Ukaanza kumwita Bwana Bomoa. Kila akishika nyundo ukawaambia watoto watoke nje kwanza. Kijana wako alipotaka kujifunza ufundi wa baba yake, ulimzuia. Yote haya nimeyaona nikiwa mgeni mezani kwenu, na nilicheka pamoja nanyi.

Mumeo alipokuja kuniona wiki iliyopita niliomba tuachwe wawili, nikamwomba radhi. Alivuta kiti karibu na kitanda. Kisha akasema, bila hasira, "Shemeji, mimi nilikuwepo. Mwambie ambaye hakuwepo." Akanipangia mito vizuri, akaaga.

Basi nimekuambia. Kinywani mwake ungeyasikia kama kujitetea, ndiyo maana yametoka kwangu. Sikuombi unisamehe sasa. Ninaloomba ni kwamba ukimaliza kusoma umwite, mkae, umuulize ilikuwaje, na umwache aseme mpaka amalize. Wakikupigia simu kwamba hali yangu imebadilika, usipande gari kabla hujaketi naye, hata kama utachelewa kunikuta hai.

Nisalimie watoto, na wajukuu ambao sijawashika. Shemeji usimpe salamu zangu, alizichukua mwenyewe. Likande goti lako kwa maji ya moto.

Ni mimi niliyekulea,
Kaka yako