Kombe la Magongo Nililolitwaa Nyuma ya Ukuta

Hounslow, London
Jumapili, baada ya chai

Kwa mke wangu mkubwa, Bibi Mwanakheri,

Kabla ya salamu, kaa kitako, na Khadija anayekusomea naye akae, maana anayekuandikia leo si yule mjukuu uliyemzoea. Mie ndiye bingwa wa mpira wa magongo wa London nzima. Jana nimetwaa kombe. Gongo sikulishika, mpira sikuugusa, na magoli yetu yalipokuwa yakiingia mie hata uwanjani sikuwamo. Nitajie bingwa mwingine aliyeshinda namna hiyo. Hayupo, wala hajazaliwa.

Haya, sasa salamu. U hali gani? Goti lako je, bado linagoma ukitaka kusujudu? Na huyo mume mwenzangu, Babu, ameacha kukusingizia kuwa mchuzi umezidi chumvi? Mwambie mie huku sijaoa, nafasi yako iko pale pale, akikuudhi nakuletea tiketi. Sie wazima. Dada Zuhura analea wazee wa Kizungu katika nyumba yao ya wazee, anarudi miguu imemvimba, lakini ulimi haujamvimba hata kidogo, kunisema mie nguvu anazo. Na mie kazi yangu ni ile ile ya uwanja wa ndege. Nimesikia umewaambia majirani kwamba narusha ndege. Usiwasahihishe. Nasukuma vitoroli vya mizigo, ni kweli, lakini abiria akikosa kitoroli atachelewa, na akichelewa rubani atamrusha nani? Kwa hiyo ndege tunairusha wote.

Sasa sikiliza ya kombe. Nassir, mtoto wa Dada, yule uliyemwona anatambaa akakuvuta ushungi mbele za watu, siku hizi akipita mlangoni anainama. Ni kipa wa timu ya vijana ya magongo hapa Hounslow. Klabu yenyewe ni ya Wahindi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, makalasinga wa Kisumu na Nairobi, Magoa wa Mombasa, na sie wengine tumejichomeka. Ukitaka kusikia Kiswahili London nenda pale Jumamosi, utakikuta kimekaa kiti cha mbele kinakunywa chai ya maziwa. Babu mchezo huo anaujua, aliuona Mnazi Mmoja enzi zake: kimpira kigumu kama jiwe, gongo limepinda mwisho, na mwenye akili zake hasimami golini. Nassir anasimama golini.

Jana ilikuwa fainali. Usiku wa kuamkia, Dada alitangaza mezani kwamba maksi za mtoto zimeshuka, kwa hiyo wakifungwa, magongo basi, Jumamosi zote ziwe tuisheni.

"Na wakishinda?" nikamuuliza.

"Wakishinda tutatazama."

"Kutazama si jibu, Dada."

"Haya, wakishinda aendelee. Lakini hawashindi. Wanacheza na skuli ya watoto wa matajiri, wale wanalala na magongo kitandani."

Nassir hakumaliza wali wake, na mtoto yule kwa wali unamjua. Asubuhi, ndani ya basi, kabeba mfuko wa vifaa mkubwa kama maiti, akaniambia kwa Kizungu chake, "Anko, usimame nyuma ya goli langu. Nikigeuka nikuone." Unajua baba yake yuko melini, na Dada Jumamosi yuko kwa wazee wake. Mimi ndiye watu wake wote. Nikamwambia, "London na iungue, mie sibanduki."

Tukafika. Upande ule Wazungu na mablanketi yao ya magotini na mbwa wao waliochanwa nywele. Upande wetu ngoma ya makalasinga, masufuria, machupa ya chai, na Mama Lucy, nesi kutoka Kenya, mama wa kapteni wetu, ambaye akiliita jina la mwanawe hata ndege angani zinageuka. Mie nimesimama nyuma ya goli, nimevaa koti la kazini, napunga mkono kama waziri.

Bibi, kipindi cha kwanza usikiombe. La kwanza lilimpita Nassir katikati ya miguu. La pili alilisindikiza kwa macho. La tatu ndilo baya, mpira ulikuja polepole, una adabu zake, unabisha hodi kabisa, naye akaukanyaga ukateleza ukaingia. Tatu bila. Wazungu walipiga makofi kidogo kidogo kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Ngoma yetu ikanyamaza. Kila linapoingia, mtoto anageuka kunitazama, na mie namwonyesha ngumi, eti jikaze.

Mapumziko yalipofika, nikamwona Mzee Gurdev anakuja. Huyu ni kalasinga wa Kisumu, aliuza spea za baiskeli kule miaka mingi, na hapa ndiye mkubwa wa klabu. Anakuja na fimbo yake na watu kumi nyuma, hakimu kamili.

"Wewe kijana ya Zanzibar. Ile mechi ya mvua wewe ilikuja?"

"Nilikuja, mzee."

"Sisi fungwa. Ile ya baridi sana?"

"Nilikuja."

"Sisi fungwa. Nusu fainali?"

"Nilikuwa kazini."

"Nusu fainali sisi piga wao tano." Akanitazama kuanzia juu, akashuka, akaishia viatuni. "Ndio huyu. Mguu yake."

Mie, Bibi. Mie ambaye ulikuwa ukinigongea dirisha alfajiri niwe mteja wako wa kwanza wa vitumbua, eti nikifungua mie sinia linaisha jua halijachomoza. Nikawaambia wote pale, mguu huu kwetu unaazimwa, watu wakizaliwa naitwa niingie wa kwanza chumbani.

Mama Lucy akanishika bega, kwa upole wa nesi anapotaka kukuchoma sindano. "Huko kwenu ni mguu wa kuuzia vitumbua. Hapa tunatafuta mabao. Toka, mtoto wa watu, tafadhali."

"Nimemuahidi Nassir nisimame hapa."

"Mtoto nataka shinda, ama nataka ona wewe?" akauliza Mzee Gurdev.

Swali hilo wewe ungelijibu vipi? Nassir alikuwa kwa kocha, kainamisha kichwa, maji yanamtiririka kidevuni. Nikaiwaza ile tuisheni. Nikajiambia, na huenda ni kweli, mguu haujui kuvuka bahari, umefika huku umegeuka. Nikaondoka. Na usimwambie mtu nilifukuzwa, nilipewa cheo: walinikabidhi sufuria la sambusa nililinde nyuma ya ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo.

Nikakaa juu ya kreti, sufuria magotini, naona ukuta. Sijamaliza sambusa ya kwanza nikasikia kishindo, ngoma imefufuka, na kigelegele cha Mama Lucy, kile cha bara, cha kupasulia kioo. Moja. Nikainuka. Sauti ya Mzee Gurdev ikaja juu ya paa: "Kaa huko huko! Usitoke!"

Nikakaa. La pili likaingia. Ngoma sasa haikunyamaza tena, na masufuria yakajiunga. La tatu lilipoingia Mama Lucy alikuja mbio, akanibusu utosini, akachukua sambusa mbili, akasema, "Usisogee hata unywele," akapotea. Bibi, nikaanza kuusikia mguu wangu wenyewe unafanya kazi. Nikaunyoosha, nikaukunja, nikajaribu wa kushoto peke yake, wa kulia peke yake, nijue ni upi. Nadhani ni wa kulia, maana nilipoukalia, la nne likaingia. Nne kwa tatu. Watoto waliokuwa wamekufa, na mie nimekaa juu ya kreti nawafufua.

Kisha firimbi ndefu, na kimya. Mama Lucy akarudi, safari hii anatembea, akaketi chini kwenye saruji na nguo zake nzuri, akaziba masikio.

"Penalti," akasema. "Wao ndio wamepewa. Ni ya mwisho, ikipigwa mchezo umekwisha. Mimi siwezi kutazama."

Nikasimama. Kona ya ukuta ilikuwa pale, karibu.

"Ukichungulia nitakuvunja," akasema, masikio bado kaziba.

Sikuchungulia. Na wakati ule ule ndege ikaja, moja ya zile za kwetu kazini, imeshuka chini magurudumu nje, tumbo lake unaweza kulihesabia misumari. Mngurumo ukafunika kila kitu. Kama wamefunga, kama hawakufunga, kama watu wanalia au wanaimba, hakuna kilichonifikia. Mama Lucy ananitazama mdomo, mie namtazama mdomo, wote hatuna habari. Hapo ndipo nikaiona fimbo ya Mzee Gurdev. Ilipaa juu ya paa, ikazunguka hewani, ikaangukia upande wetu.

Mama Lucy alipiga kigelegele kabla fimbo haijatua.

Tulipozunguka ukuta, uwanja haukuwa na mwenyewe. Mzee Gurdev, na viatu vyake vya ngozi, alikuwa amekimbilia ndani, yale majani yao ya plastiki humwagiwa maji, akateleza akaenda kwa makalio hadi kwenye nguzo ya goli, na hakutaka kuinuliwa. Amekaa ndani ya maji anacheka na kilemba chake kiko sawasawa. Mpiga ngoma kavua viatu. Kocha Mzungu, mtu wa kimya sana, anabebwa na akina mama wawili na hajui wanampeleka wapi. Mama mmoja wa upande wa matajiri alikuja akamuuliza Mama Lucy ile sauti hutoka wapi, akafundishwa hapo hapo, akajaribu, na mbwa wake akaanza kumjibu. Hata wao mwisho walicheka. Na katikati ya yote, juu ya mabega ya wenzake, na magodoro yake ya miguuni na kofia ya kipa kwapani, Nassir. Ndiye aliyeizuia penalti.

Mzee Gurdev alinikumbatia nikaloa na mie. "Mguu yako mzuri sana," akasema, "ikiwa mbali." Wameshakubaliana, fainali ijayo watanilipia nauli niende Woolwich, kule mwisho wa jiji, maana kama ukutani nimeleta manne, Woolwich nitaleta kumi.

Nyumbani Dada alikuwa ndiyo anaingia, kiatu kimoja mkononi. Akaliona kombe.

"Hilo mmeliiba wapi?"

"Nne kwa tatu, Dada. Penalti ya mwisho kazuia mwanao."

"Kazuia yeye?"

"Yeye."

Akaketi kwenye ngazi na kile kiatu. Kisha akaenda jikoni, tukausikia mfereji unamwaga maji muda mrefu na hakuna alichokuwa anaosha. Alipotoka akasema, "Tuisheni itakuwa Jumapili." Leo kombe liko juu ya televisheni, amelifuta mara tatu, na wageni hawajafika bado.

Nisalimie Babu, mume mwenzangu, bila kumbusu. Nisalimie Shangazi Time wa duka la kanga, mwambie mfuko wangu ni ule ule, asitume mtu kuniletea habari za posa. Nisalimie Fundi Haji, jirani wa ukuta mmoja, na mama wa Khadija. Na mwalimu wangu wa hesabu, aliyesema nikiacha skuli sitafika popote, mwambieni nimefika Hounslow.

Khadija, hapa sasa punguza sauti, Babu asisikie.

Bibi, kuna kitu kimoja jana kiliharibika. Mzee Gurdev aliponikumbatia alinambia, "Ile mtoto, kabla ya penalti, geuka nyuma. Tafuta-tafuta. Mara mbili. Mimi nadhani omba Mungu." Baadaye tunakula zile sambusa penye magari, watu wamenizunguka nawachekesha, Nassir akaja na kombe, akaniuliza kama niliona. Ningesema sikuona yangekwisha. Lakini watu wananitazama, Bibi, na mdomo wangu unaujua. Nikasema niliona kila kitu. Nikawaonyesha na kuwaonyesha: akaruka kulia hivi, mkono akaunyoosha hivi, kama paka. Nikaruka mwenyewe hapo kwenye lami.

Hakuna aliyecheka. Nassir hakuruka. Alisimama wima pale pale katikati, mpira ukamgonga kifuani. Kila mtu aliona, ila mie.

Mtoto yule Kiswahili anakielewa chote, lakini tangu nimekuja hajawahi kunijibu nacho, ni Kizungu tu. Jana alinijibu nacho. Hakukasirika, hakupandisha sauti, alinipa kombe nimshikie afunge kamba za viatu, akasema akiwa ameinama:

"Hukuwepo, mjomba."

Mjukuu wako,
Suleiman