Mashua Isiyo na Usukani

Mpendwa Baba Bukuru,

Usukani nimeutafuta kila mahali. Nimetafuta chini ya kitanda, ndani ya debe la misumari, kwenye gunia la mbegu za maharage, hata kwenye mfuko wa koti lako la kanisani, lile ambalo wanao wanataka nimpe mtu na mimi bado sitaki. Nilikuwa na hakika kwamba uliuchonga ukauweka mahali, kama ulivyokuwa unaweka miwani mahali. Mashua yako ya mwisho ilikaa juu ya kabati zaidi ya mwaka, imepakwa rangi ya bluu, ina kila kitu, haina usukani.

Sasa nimejua. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine ambaye angenielewa bila kunikatiza. Ila ngoja nianzie mbali kidogo, maana hukupenda habari inayoanzia katikati.

Mimi mpaka leo sijui ni nini kilikupata. Mtu wa Bukiriro, umezaliwa mlimani, kuogelea hujui, kuvuka mto Ruvubu tu ulikuwa unafumba macho, halafu unakaa uani unaunda mashua. Wala si za kupanda. Vimashua vya urefu wa mkono, vya kuendesha kwa rimoti. Nilikuuliza mara moja tu, tukiwa tunamenya ndizi, kitu hiki kina faida gani. Hukukasirika. Ulisema, "Nataka niitume iende mbali, halafu niiite irudi. Nione kama itanisikia." Nikakwambia watoto unao, watume hao. Ulicheka mpaka ukaweka kisu chini.

Ya kwanza uliiunda kwa mbao za masanduku ya nyanya. Ulizichana nyembamba, ukazipinda kwa mvuke wa chungu changu cha maharage, na maharage yenyewe yakaungua. Mota uliitoa kwenye redio kaseti iliyokufa. Pangaboi la kusukuma maji ulilikata kwenye kopo la mafuta, ukalifunga kwenye spoku ya baiskeli, spoku ukaipitisha ndani ya mrija wa kalamu, na ili maji yasipenye ukaujaza ule mrija samli yangu. Samli, Baba Bukuru. Halafu shuka yangu ya pinki ukaichana vipande, ukavibandika kwa gundi nje nzima ili mbao zisinywe maji. Nilipoikuta ndani ya hori la kukamulia ndizi nilikuwa nimekuja kugomba. Nikashindwa, kwa sababu ilikuwa inaelea vizuri.

Kwenye hori zilielea zote. Shida ilikuwa lamboni, kule bondeni wanakonyweshea ng'ombe, ambako magugu yamejaa pembeni. Kila mashua yako ilikwenda vizuri mpaka katikati, ikageuka, ikaanza kurudi, halafu usukani unanasa kwenye magugu na safari inaishia hapo. Mdogo wako Sospeter ndiye aliyekuwa anavua viatu na kuingia kwenye tope kuifuata, na kila mara alikuwa na lalamiko lilelile: "Kaka, hata ng'ombe anarudi nyumbani mwenyewe." Ulikuwa unautazama ule usukani ulionasa, kichwa umekiinamisha upande, na nikikuita nyumbani husikii.

Halafu kikaja kiharusi. Kilichukua mkono wako wa kulia na maneno mengi. Yaliyobaki yalitoka machache, na mengine yalikuwa ya juzi yakatoka leo. Ulimwita Bukuru kwa jina la marehemu baba yako. Uliomba uji ukiwa unakunywa uji. Watu walikuja kukuona, wakitoka mlangoni wanashusha sauti, na mimi nilikuwa nawasikia: akili imekwenda. Kwa mdomo nilikataa. Moyoni nilikuwa sijui.

Na bado ulitaka kuunda. Ulionyesha kwa mkono wa kushoto, nami nikawa mkono wako wa kulia. Nilikata, nilishikilia, nilipaka gundi pale ulipogusa kwa kidole. Ulinifanya niweke mota mbili, moja huku na moja huku, na mapangaboi mawili chini ya tumbo la mashua, ukayazungushia wavu wa chujio langu la chai. Ile mota ya pili nilidhani ni ya akiba, kama tairi la dereva wa lori. Rimoti tuliitoa kwenye katapila la kuchezea lililovunjika, ina vijiti viwili tu. Siku tuliyomaliza rangi nikakuuliza, "Baba Bukuru, na usukani?"

Ulinitazama. Ukasema taratibu, "Kushoto simama. Kulia tembea."

Maneno hayo niliyajua. Ndiyo uliyokuwa unayapaza siku uliyonibeba kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusuka, wewe na wanaume watatu, mvua inanyesha, uchungu umenishika tangu jana yake na mtoto hatoki. Kutoka kwetu mpaka barabarani ni mteremko mtupu, na kona zake ni kali. Kila mlipofika konani ulikuwa unawaamuru wenzako: kushoto simama, kulia tembea. Wa kushoto wanasimama, wa kulia wanatembea, ingobyi inageuka palepale bila kuinama. Nilikuwa nalia, lakini nakumbuka kuwa hata katikati ya kulia nilishangaa jinsi ilivyokuwa inageuka. Jioni hospitalini ndipo tulipojua kuwa walikuwa wawili, Bukuru na Butoyi, na wote wazima.

Kwa hiyo nilipokuuliza habari ya usukani ukanijibu habari ya ingobyi, nikaona umerudi kule mteremkoni na hujui tena uko wapi. Nikakushika mkono. Ukaongeza neno jingine moja: "Hukuwa mzito."

Hilo neno nililitaka sana. Katika maisha yetu yote sifa zako kwangu ziliishia kwenye chumvi, kwamba leo imekolea. Lakini nitalipokeaje? Kama lile la kwanza lilikuwa la kuweweseka, na hili la pili pia lilikuwa la kuweweseka. Nililiweka kando kama mzigo wa jirani ulioletwa kwangu kwa makosa. Hazikupita wiki nyingi ukafariki.

Mwaka ulipotimia, baada ya misa ya kukukumbuka, watu wakiwa wamekaa uani, Sospeter aliishusha mashua kabatini akaigeuza chini juu. Akasema, "Jamani, ugonjwa ulishammaliza kaka mapema. Fundi gani anasahau usukani?" Hakusema kwa ubaya, macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nilimnyang'anya mbele ya wageni. Nikamwambia, "Shemeji, usukani upo. Mimi ndiye sijauona." Ndipo nilipoanza kupekua debe la misumari.

Nilipekua mpaka nikachoka. Wiki iliyopita, tukiwa tumemaliza kuvuna maharage, nikasema basi walau nijue kama mota zinazunguka. Nikaweka betri, nikajaza maji kwenye hori, nikasukuma kijiti cha kushoto. Pangaboi la kushoto likazunguka, la kulia limetulia. Nikasukuma cha kulia. La kulia likazunguka, la kushoto limetulia. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka kuku wakaja kuangalia. Akiba haiwi na kijiti chake. Hori ni jembamba, mashua ilikuwa inagonga ukingo tu na haikuweza kunionyesha zaidi, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuisikia ile sauti yako ya kwenye mvua. Nikakaa kwenye majani ya migomba.

Nikampigia Sospeter simu. "Shemeji, njoo lamboni. Njoo na viatu vizuri, leo huvui."

Ng'ombe walikuwa wameshaondoka. Niliiweka majini, nikasukuma vijiti vyote viwili, ikaenda mpaka katikati. Nilikuwa naogopa, sikufichi. Kama isingegeuka, basi ningekuwa nimekupoteza mapema kuliko nilivyodhani, na ile miezi ya mwisho ningekuwa nimekaa na mtu mwingine. Nikaachia cha kushoto, nikashikilia cha kulia.

Iligeuka palepale. Haikuinama. Nikaiita irudi, ikaja moja kwa moja kwenye yale magugu, yakateleza chini ya tumbo lake, hapakuwa na kitu cha kunasa. Ikafika mpaka miguuni kwangu.

Sospeter alivua kofia. Akasema, "Kumbe hakusahau."

"Hakusahau," nikamjibu.

"Shemeji, naomba na mimi nishike."

Nikampa. Aliituma akaiita, akaituma akaiita, mpaka betri zikaisha ikiwa katikati ya lambo. Akavua viatu, akaingia kwenye tope na suruali yake nzuri, na safari hii hakulalamika.

Sasa nina maswali mengi kuliko zamani, na wewe hupo. Kwa nini nikisukuma vijiti sawasawa inavuta kulia kidogo? Ni ule upande niliozidisha gundi? Na zile mbao za mbele ulizipindaje zisipasuke? Zangu tatu zimeshapasuka. Ndiyo, naunda yangu. Shuka nimeshaichana, ya kijani, kwa hiari yangu. Butoyi amepiga simu kutoka Nemba kuniuliza kama ni kweli nimeanza mambo ya baba, nikamwambia aje na masanduku ya nyanya.

Nakuaga, maana hori limeanza kuvuja na lazima nilizibe kabla ndizi hazijaiva. Ila lile neno lako halikujibiwa, na jibu lake ni hili. Siku ile nilikuwa na watoto wawili tumboni, na blanketi lilikuwa limekunywa mvua yote ya mlima. Nilikuwa mzito, Baba Bukuru. Ulinidanganya ukiwa na akili zako zote, nami nimepokea.

Mkeo,
Mama Bukuru