Wiki Sita Nilizoandika kwa Asubuhi Moja

Jumatatu, 7 Julai. Koboko.
Wagonjwa wengi. Faili kumi na moja sikuziona. Wenye faili hizo wamefunguliwa mpya, kwa hiyo sasa kila mmoja wao ana faili mbili kituoni. Nimepanga rafu ya tatu upya. Madamu Poni, mkuu wa masjala, hajasema nami neno tangu asubuhi. Huenda ni hasira, huenda ni kazi tu. Mimi naogopa vyote viwili.

Mitihani ya chuo nimeimaliza yote. Miaka mitatu ya kwenda Arua kila Jumamosi kusoma kompyuta, na sijaanguka somo hata moja. Lakini masomo peke yake hayamtoi mtu chuoni. Kuna wiki sita za mafunzo kazini. Kuna kitabu cha mafunzo, ukurasa mmoja kwa kila siku, na kila ukurasa unataka saini ya mkuu wa kazi. Kuna programu ambayo lazima ifanye kazi mbele ya mwalimu.

Wiki sita zimekwisha Ijumaa. Nilifanyia hapahapa kituo cha afya, saa za mchana, baada ya ukarani. Programu ipo: inatafuta faili za wagonjwa, ingawa masjala bado haijaanza kuitumia. Kitabu ni kitupu. Kila siku nilisema nitaandika kesho.

Mwalimu Andama wa chuo anakuja kukagua tarehe 25. Kitabu kisipokuwa na saini, jina langu halitaingia kwenye orodha ya kuhitimu mwaka huu.

Jumamosi, 12 Julai. Arua.
Nimekutana na wenzangu wa darasa. Nilidhani ni mimi peke yangu. Kumbe wote wana vitabu vitupu, na wote wanajaza kwa siku moja. Gift alimaliza chake jana, huku anakula. Alinicheka: "Wewe naogopa kitabu sana. Kwani iko na meno?"

Nikakaa kwake nikajaza. Siku thelathini, asubuhi moja. "Niliingiza kadi hamsini za wagonjwa kwenye kompyuta." "Niliingiza kadi arobaini." Nilibadilisha idadi ili ipendeze. Mwandiko mzuri. Hakuna kosa hata moja.

Nimerudi Koboko.

Jumatatu, 14 Julai.
Nimempa Madamu kitabu. Alisema niache mezani.

Jumanne, 15 Julai.
Kitabu kiko palepale mezani. Kimefunguliwa katikati. Sikula.

Jumatano, 16 Julai.
Ameniita baada ya foleni kwisha. Hakupandisha sauti. Aliweka kidole kwenye wiki ya tatu.

"Wiki hii transfoma iliungua. Umeme hapana kuwa siku tano. Hii kompyuta uliwasha na nini, mwanangu? Na makaa?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alisema hata mashine ya kutunza chanjo walihamisha wiki ile, kila mtu wa Koboko anakumbuka, ila kitabu changu. Hataweka saini.

Kisha akauliza wiki ile nilikuwa nafanya nini hasa, maana aliniona kila mchana nje kwenye benchi. Nikamweleza. Kompyuta ilikuwa imezimika, nikaenda kukaa na akina mama waliopoteza kadi. Wengi wametoka Sudan Kusini, kadi zimeharibika njiani au zimelowa. Nambari za faili hawakumbuki. Niliwauliza wanakumbuka nini. Jina la mama mzazi. Kijiji walikotoka. Niliandika yote kwenye karatasi, nikachora jinsi ya kutafuta kwa mambo hayo badala ya nambari. Programu yote imetoka kwenye benchi lile.

Madamu akafunga kitabu.

"Kazi ndiyo hiyo. Sasa mbona ulificha kazi, ukaandika uongo?"

Sijui. Nilidhani kazi ya kompyuta ni ile ya kukaa mbele ya kompyuta.

Tatizo: chuo hutoa kitabu kimoja tu, kina mhuri. Kupata kingine, au kurekebisha hiki, lazima nimwambie Mwalimu Andama ukweli. Anaweza kunifuta kabisa.

Alhamisi, 17 Julai.
Nimeandika ujumbe kwa mwalimu mara nne. Wa nne nimetuma. Sikumtaja Gift wala mtu mwingine. Jibu hakuna.

Ijumaa, 18 Julai.
Amejibu maneno mawili. "Njoo kesho."

Jumamosi, 19 Julai. Arua.
Nilifika saa moja kabla ofisi yake haijafunguliwa, nikasimama nje kama mshitakiwa. Alisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilihesabu vigae vya sakafu.

Hakunifukuza. Alisema kila mwaka wanamletea vitabu visafi kama shati la arusi, na hakuna hata kimoja kinachomfundisha kitu. Kitabu kipya hanipi. Nisichane ukurasa. Kila siku ya uongo niipige mstari mmoja, usomeke chini yake, kisha niandike kando kilichotokea kweli, na tarehe ya leo. Madamu aweke saini kwa zile tu anazozikumbuka. Yeye ataamua tarehe 25. Hakuahidi kitu.

Nilimuuliza nifanyeje siku nisizozikumbuka. "Andika hukumbuki," akasema.

Jumatatu, 21 Julai. Koboko.
Jana yote na leo mchana nimepiga mistari. Kitabu kimekuwa kibaya kukitazama. Nimetumia karatasi za benchi, orodha ya zamu, na ujumbe niliowahi kumtumia dada yangu kule Aroi nikilalamika. Siku tisa nimeandika: sikumbuki.

Madamu ametia saini ishirini na moja. Zile tisa alizigeuza bila saini. Nimefurahi kwamba hakunihurumia. Sikutarajia kufurahi.

Ijumaa, 25 Julai.
Mwalimu Andama amekuja saa tatu, viatu vina vumbi. Nilikosea neno la siri mara mbili.

Alikataa majina niliyoyaandaa. Alitaka mgonjwa wa kweli kutoka foleni. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, kadi yake imepotea. Anaitwa Keji. Nikaandika Keji, nikaandika jina la mama yake. Zikaja faili mbili, za watu wawili tofauti. Mbele ya mwalimu. Nilitaka sakafu inimeze.

Madamu akasema polepole, "Muulize kijiji."

Nilimuuliza. Akataja kijiji kule Yei, Sudan Kusini, nami nikakiandika. Ikabaki moja. Rafu ya tano. Nilikwenda nikaitoa kwa mkono wangu, na mama yule akaona picha ya mtoto wake wa kwanza imebandikwa ndani, akaanza kumwonyesha yule wa mgongoni.

Mwalimu aliandika muda mrefu. Programu imepita. Wiki tatu za kitabu zina ukweli wa kutosha, wiki nyingine ana shaka nazo. Amenipa wiki mbili za nyongeza, kuanzia Jumatatu, kila siku iandikwe siku hiyohiyo. Zikienda vizuri, jina langu litaingia kwenye orodha.

Nilisema asante mara nyingi mno.

Jumatatu, 28 Julai.
Siku ya kwanza ya nyongeza. Mchana nilimfundisha nesi wa zamu kutafuta faili. Alikosea mara mbili, ya tatu akapata. Nikagundua kisanduku cha kijiji kiko chini sana kwenye kioo cha kompyuta, watu hawakioni. Nimekipandisha juu.

Saa kumi na moja nikaandika hayo kwenye kitabu. Mistari minne. Madamu alisoma, akatia saini, akavaa koti lake. Mawingu yanakuja kutoka upande wa Kongo. Tumefunga madirisha pamoja.