Kompyuta za Ulyankulu Hazioni Kadi

Ulyankulu, 12 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini kifua kimepoa. Sisi wazima, ingawa tangu niolewe na Nimbona hujawahi kuuliza habari za huku, na inaniuma. Kompyuta za shule ninakofundisha hazina diski. Huvuta kila kitu kwa waya kutoka kompyuta kuu. Sasa zote zinadai hazioni kadi ya mtandao. Wafadhili wanakuja mwezi ujao. Wakizikuta zimekufa, watazihamishia Urambo. Fundi ninayemwamini ni wewe.

Mwanao, Stela

Ng'ambo, Tabora, 16 Februari

Stela, marahaba.

Kifua kipo. Usinunue kadi. Washa mashine, tazama nyuma penye waya: taa ndogo inawaka? Halafu soma tarehe ya mashine. Niandikie unachokiona, si unachokidhani.

Baba yako

Ulyankulu, 20 Februari

Baba, shikamoo. Hujambo na mvua hizi?

Taa haziwaki, na mashine zote zinadai huu ni mwaka 2009. Chumba anakitunza mama mkwe wangu, Spesioza. Wingu likitanda tu, anachomoa plagi zote na kufunika vioo vya kompyuta kwa kanga, radi isivione. Nimemkataza, amenuna.

Mwanao, Stela

Ng'ambo, 24 Februari

Stela, marahaba. Mimi mzima.

Kamwombe radhi. Marehemu mama yako alifunika hata kioo changu cha kunyolea. Kilichochoka ni betri, kile kidude cha duara ndani ya mashine. Plagi ikitoka, mashine inasahau mipangilio yake, na kadi inazimika. Betri mpya nimempa kondakta wa basi. Ukishazibadilisha, washa huku ukibonyeza F2, iruhusu kadi, weka mtandao uwe wa kwanza kuwashia, kisha hifadhi.

Baba yako

Ulyankulu, 1 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Zimewaka! Wanafunzi wamepiga vigelegele. Imebaki moja tu, ya dirishani. Betri mpya, F2, na bado haioni kadi. Spesioza anasema hiyo ndiyo hakuwahi kuichomoa siku ya radi kubwa, na ananitazama. Wafadhili watafika Jumatatu ya tarehe kumi na moja. Spesioza anauliza kama fundi anakula ugali wa muhogo.

Mwanao, Stela

Ng'ambo, 5 Machi

Mwanangu Stela, marahaba.

Hiyo kadi imeungua. Haiponi kwa barua. Nakuja na nyingine Jumamosi. Ugali wa muhogo nakula. Kwenu sikujui, kwa hiyo Nimbona anipokee stendi. Kazi yenyewe ni ya saa moja, lakini naomba kulala kwenu.

Baba yako