Skonzi za Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Julai 1951. Eldoret

Leo miezi kumi na minne tangu nitoke nyumbani Maragoli. Nimepasua kuni kuanzia saa moja asubuhi. Mikaratusi mibichi, moshi mwingi kuliko moto. Maji debe ishirini na mbili. Mgongo haunitaki tena.

Naandika nyuma ya karatasi za vyakula zilizobaki. Hapa kwenye jumba la michezo ya kuigiza la Wazungu karatasi hazikosekani. Upande wa mbele: chai ya saa kumi, sandwichi za tango, skonzi na jemu, keki ya matunda. Chini yake chakula cha kabla ya mchezo wa jioni: supu, kondoo, pudini. Upande wa nyuma: mimi.

Tango ndani ya mkate, bila hata chumvi. Mzee Shem, mpishi wetu, anasema alikula kumi siku moja na bado akaenda kutafuta ugali.

Jumamosi tarehe 14 kuna mchezo mkubwa. Wakulima watakuja kutoka Turbo, Plateau, hata Kitale. Wataanza saa nane mchana, watakunywa chai saa kumi, kisha warudi mashambani kabla ya giza, maana barabara zote ni tope. Msimamizi wetu, Mzungu, tunamwita Bwana Mwavuli, kwa sababu hauachi mwavuli wake hata jua likiwaka. Ameniahidi kwamba chai ikienda sawa siku hiyo, nitapata mwezi mzima wa kwenda nyumbani. Barua ya ruhusa ameshaiandika. Iko mezani kwake, nimeiona kwa macho yangu. Bila barua hiyo, nikitoka hapa polisi watanirudisha kwa kiboko.

Nina binti wa miezi saba. Kageha, jina la marehemu mama yangu. Sijamwona hata siku moja.

Jumatano, 4 Julai

Memsabu, yule Mzungu anayesimamia chai, amekasirikia skonzi za Mzee Shem. Ati ni ngumu. Mzee Shem anasema skonzi hazina neno, ni meno ya Wazungu yamelegea. Amelisema hilo Memsabu akiwa ameshafika mbali.

Kumbe Memsabu aliandikia misheni ya kwetu zamani, atafutiwe mama anayejua kuoka. Anakuja keshokutwa na lori. Nimefurahi. Huenda ana habari za nyumbani.

Ijumaa, 6 Julai

Balaa.

Lori limefika saa sita. Aliyeshuka ni mama mkwe wangu, mama yake Rasoa, mke wangu.

Niliruka nyuma ya rundo la kuni. Sidhani aliniona uso. Miguu aliiona.

Kwetu mtu hamtazami mama mkwe. Humpi mkono, huli mbele yake, humwongeleshi, hukai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani unaingia kichakani mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima, na mimi namheshimu sana mama huyu. Jina lake hata hapa siliandiki. Alijua niko Eldoret, lakini alidhani niko shambani kwa Mzungu wa mahindi. Mzee Shem anasema alipotajiwa jina langu alijifunika leso kichwani, akakaa chini akitazama ukuta.

Sasa nitafanyaje? Jikoni ni chumba kimoja. Jiko ni moja. Yeye ndiye mwokaji na mimi ndiye moto wake.

Jumamosi, 7 Julai

Tumepata njia. Kwenye ukuta wa jikoni, karibu na jiko, kuna kidirisha cha kutupia majivu. Mimi nakaa nje uani. Napitisha kuni hapo, mikono tu, macho yangu yakitazama choo. Mzee Shem anazipokea na kuzitia motoni. Mama mkwe akitaka moto zaidi anamwambia Mzee Shem, Mzee Shem ananiambia mimi. Yeye mwenyewe yuko umbali wa hatua tatu na nimeshasikia kila neno, lakini nangoja niambiwe.

"Zakayo," Mzee Shem ameniambia, "tangu nizaliwe sijawahi kuwa simu."

Amecheka siku nzima. Yeye anatoka Ugenya, anadai yeye na mama mkwe wake wanasalimiana kwa mbali. Namwonea wivu.

Skonzi za leo zilikuwa laini. Memsabu ameimba.

Jumatatu, 9 Julai

Mzee Shem alienda sokoni kutafuta matango. Tukabaki, mama mkwe ndani, mimi nje, ukuta katikati. Jiko likaanza kupoa. Nilijua. Lakini ningejuaje, kama hakuna aliyeniambia?

Ndipo nikamsikia akisema: "Wewe unga, utaumukaje na jiko limepoa hivi?"

Alikuwa anaongea na unga. Nikasukuma magogo matatu dirishani. Akayatia mwenyewe. Kisha: "Asante, ukuta."

Nikaendelea kupasua. Baadaye nikamsikia tena, taratibu, huku anakanda. "Unga, nikuambie jambo. Mjukuu wangu ana meno mawili ya chini. Anatambaa kinyumenyume kama kaa wa mtoni. Akimwona jogoo anapiga makofi."

Shoka lilikuwa juu. Nililiacha huko juu mpaka alipomaliza.

Jumatano, 11 Julai

Siku njema kuliko zote tangu nije huku. Mgongo unauma na sijali.

Kama yeye anaongea na unga, mimi sina shoka? Leo nimejaribu. Nikasema kwa sauti, "Shoka, sijui mtoto wangu amefanana na nani."

Ndani kukanda kukakoma. Nikaogopa nimevuka mpaka. Halafu: "Unga, macho ni ya Rasoa. Masikio ni ya baba yake, maskini."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzee Shem naye alicheka mpaka akaunguza supu kidogo.

Tumeendelea hivyo hadi saa tisa. Shoka limeuliza kama paa la nyumba bado linavuja. Unga umeambiwa kwamba linavuja upande wa mbuzi tu. Shoka limeuliza kama Rasoa amekasirika kwa kukaa kwangu muda mrefu. Unga umeambiwa kwamba Rasoa hajakasirika, ila amelichoka jina la Eldoret.

Ila Bwana Mwavuli alipita uani akanikuta naliuliza shoka habari za mbuzi. Alisimama. Akasogea, akanusa mdomo wangu kama mbwa. Akasema mlevi hapati likizo. Nikamwambia sijanywa. Aliondoka akigeuka nyuma mara mbili.

Sijapenda alivyogeuka.

Ijumaa, 13 Julai

Mmoja wa watumishi wa mezani ana homa. Kesho Mzee Shem atapanda juu kuhudumu kwenye chumba cha chai. Hapatakuwa na simu. Watu mia na zaidi, skonzi trei nane, na kuni bado zina maji.

Naogopa. Nimeanika kuni ndogo chini ya kitanda changu.

Jumamosi, 14 Julai

Nimeharibu kila kitu.

Trei sita zilitoka vizuri. Wageni wako kwenye mchezo, tunawasikia wakicheka juu ya vichwa vyetu. Trei mbili za mwisho zimo ndani ya jiko. Ghafla moshi ukaanza kutoka kidirishani. Nikajua mara moja. Kile kifuniko cha ndani ya bomba la moshi kimejifunga. Kina tabia hiyo. Dawa yake ni kukipiga mahali fulani kwa chuma, na mahali hapo napajua mimi peke yangu.

Nilisikia kikohozi. Kisha sauti yake: "Birika, moshi umejaa. Anayelijua jiko hili angeingia tu. Mimi nimeugeukia ukuta, nimejifunika."

Nikaingia kinyumenyume. Kutanguliza uso hakukuwezekana, ningemwona. Nikapapasa jiko kwa mkono nyuma ya mgongo, nikaungua kiwiko, nikakipata chuma, nikapiga. Moshi ukapanda. Skonzi hazikuungua. Nilitaka kutoka nilivyoingia, lakini birika likaambiwa tena: "Trei ni mbili. Mikono yangu haitoshi. Na kengele ya chai imelia."

Basi nikaibeba trei moja. Yeye akapita mlango wa kushoto, mimi nikatoka kwa mlango wa kulia, bado kinyumenyume, ili tukikutana juu nisimwone. Nikapanda ngazi hivyo hivyo, nikitanguliza matako. Ngazi kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa tumbo la Bwana Mwavuli.

Skonzi nne zilianguka. Moja ilibingirika mpaka chumba cha chai, ikasimama kwenye kiatu cha mwanamke mzee wa Kizungu aliyetoka Kitale. Yule mzee aliiokota, akaitazama, akaila.

"Wewe iko levi!" Bwana Mwavuli akapiga kelele. "Juzi nasema na shoka, leo natembea kama kaa!"

Ningeweza kujieleza. Lakini kujieleza ni kumtaja mama mkwe mbele ya watu, naye alikuwa nyuma ya mlango na trei yake. Nikainama kuokota skonzi. Bwana Mwavuli akaitoa barua yangu mfukoni. Alikuwa ameileta anipe. Akaikunja, akairudisha.

Wageni walikula kila kitu. Memsabu anasema haijatokea chai kama hii. Mimi nimerudi uani, nimepasua kuni ambazo hakuna aliyezitaka. Namwonea uchungu Rasoa. Atangoja mpaka lini?

Jumapili, 15 Julai

Haya niliyoyasikia kwa Mzee Shem nayaandika haraka nisije nikayasahau.

Asubuhi baada ya kanisa mama mkwe alimwambia Mzee Shem amsindikize kwa Bwana Mwavuli. Nyumba yake iko hapa hapa kando ya jumba. Walimkuta barazani anakunywa chai na yule mwanamke mzee wa jana. Kumbe ni mama wa mkewe. Alikuja kutazama mchezo na anakaa kwao wiki tatu.

Mama mkwe, ambaye kwa wiki nzima ameongea na unga na ukuta tu, akasimama mbele ya Mzungu akasema wazi: "Bwana, yule hakunywa. Yule ni mume wa binti yangu. Alitembea vile kwa sababu yangu."

Bwana Mwavuli hakuelewa. Mzee Shem akamweleza. Kwamba hawa watu hawatazamani. Hawaongei. Hawakai chumba kimoja. Mama mkwe akija, mwanamume anatoka.

Wakati huo, Mzee Shem anasema, yule mwanamke mzee alikuwa anamwambia Bwana kwamba chai imepoa, kwamba kiti kina baridi, kwamba mwavuli huo ni wa kizee.

Bwana Mwavuli akauliza, polepole: "Hii desturi naisha lini?"

"Haiishi, Bwana. Mpaka kufa."

"Na mama, hapana kasirika?"

"Anafurahi, Bwana. Ndiyo heshima yake."

Bwana alitazama kikombe. Halafu akaingia ndani akatoka na barua yangu, imenyooshwa. Akamwambia Mzee Shem aseme kwamba naweza kwenda na lori la Jumanne. Kisha akamwuliza tena, kwa sauti ya chini, kama mtu asiye wa kabila letu anaruhusiwa kuianza desturi hiyo.

Nimeisoma barua mara tano. Mwezi mmoja. Jina langu limekosewa herufi moja, sitasema kitu.

Jumanne, 17 Julai

Asubuhi. Ukungu. Lori la Kapsabet linaondoka saa nne, kutoka hapo ni miguu.

Jana sikupumzika. Nimepasua kuni nyembamba za mwezi mzima, zile kavu za chini ya kitanda nikaziweka juu, nikazipanga zote hadi usawa wa kidirisha ili asiiname. Kifuniko cha bomba nimekikaza kwa waya kisijifunge tena.

Leo nilipoamka nimekuta kitu juu ya gogo langu. Kitambaa kimefungwa. Ndani skonzi sita, bado zina joto, na sweta ndogo ya manjano. Ya mtoto wa miezi saba au nane. Sijui aliifuma saa ngapi.

Nikalichukua shoka, nikaliegemeza ukutani karibu na dirisha. Nikaliambia: "Shoka, kaa salama. Nitamwambia Kageha bibi yake ni mzima na Wazungu wote wa Uasin Gishu wanamjua kwa skonzi. Nitarudi tarehe kumi na saba mwezi ujao."

Ndani kijiko kiligonga sufuria mara mbili.

Nimeila skonzi moja tu, nikiwa nimeupa ukuta mgongo. Zile tano ni za nyumbani. Nategemea kufika kesho, Jumatano, kabla kuku hawajaingia.